Mgonjwa Haulizwi Uji

Pwani ya Mtwara, tangu Mikindani mpaka Msimbati na vijiji vilivyo karibu na mlango wa mto Ruvuma, mchango ni jambo la heshima. Mtu akifiwa, majirani huchanga. Akioza binti, jamaa huchanga. Mashua yake ikivunjika mwambani, wavuvi wenzake huchanga. Maana ya neno haina fumbo: wengi hutoa kidogo kidogo ili mmoja asielemewe peke yake na mzigo uliomzidi nguvu. Atoaye ni mzima, apewaye ni yule aliyefikwa. Haijapata kusikika kwamba mfiwa alidaiwa mchango wa msiba wake mwenyewe kabla maiti haijatoka nyumbani.

Neno hilo jema lilipinduliwa mwaka 1993. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 mtu wa kawaida alitibiwa katika hospitali za serikali bila malipo. Miaka ya 1980 ikaleta uhaba: dawa zilikosekana, mishahara ya matabibu ilidhoofika, na wakopeshaji wa nje walikuja na masharti yao. Kuanzia 1993 hospitali zikatoza fedha, na tozo hiyo ikapewa jina la uchangiaji. Lakini aliyeambiwa achangie hakuwa mzima. Alikuwa ni mgonjwa. Aliyelala kitandani ndiye aliyetakiwa kujichangia. Lau jambo hili lingaliitwa bei, watu wangalilijadili kama wajadilivyo bei. Kwa kuwa liliitwa mchango, alilalamikiaye huonekana bahili anayekwepa wajibu wa ujirani.

Ubaya wa kupindua neno huonekana wazi zaidi katika maradhi ya kimya, na mfano ulio dhahiri ni homa ya ini ya aina C. Kirusi chake kilitambuliwa mwaka 1989. Huambukizwa kwa damu: kwa sindano iliyotumika zaidi ya mara moja, kwa damu isiyopimwa, kwa wembe uliopita mwilini mwa mtu na mwingine. Aina B ina chanjo. Aina C haina. Kwa wengi walioambukizwa, kirusi hukaa miaka 20 au zaidi bila kuwauma, huku ini likijaa makovu kidogo kidogo, na mwisho wake kwa baadhi yao ni ini kushindwa kazi au saratani. Walakini maradhi haya yana sifa ambayo kisukari na shinikizo la damu havina: yanapona kabisa. Vidonge vya kumeza kwa majuma 12 huponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 50 walikuwa na kirusi hiki, na watu wapatao 242,000 walikufa kwacho mwaka huo. Walikufa kwa maradhi yenye dawa.

Na afikiriwe mvuvi mmoja wa Msimbati. Hana mwajiri, hana mshahara, hana bima. Amekwenda mjini kumtolea damu jamaa yake, damu ikapimwa kama ipasavyo kupimwa, naye akaambiwa kwamba haifai, kwa sababu ina alama ya homa ya ini ya aina C. Kipimo hicho cha kwanza huonyesha tu kwamba mwili ulipata kukutana na kirusi. Kipimo cha pili, kilicho ghali zaidi, ndicho kinachothibitisha kama kirusi kingali hai. Hapo tena ini lenyewe hutazamwa limeharibika kiasi gani, ndipo dawa iandikwe. Kila hatua ina dirisha lake la malipo, na kila dirisha lina swali lile lile: kadi iko wapi? Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, kwa maana kwamba haja yake inajulikana, na kumwuliza ni kumwongezea taabu. Mvuvi huyu haulizwi uji, huulizwa kadi.

Wako wasemao kwamba kosa ni lake, maana angalikata bima mapema. Hoja hii hupendwa sana na watu waliokwisha kuwa na bima, nayo inastahili kujibiwa kwa insafu. Mtumishi wa serikali hakuipata kadi yake kwa busara kuliko mvuvi. Sheria ya 1999 iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ndiyo inayomkata katika mshahara kabla fedha haijafika mkononi mwake, na mwajiri wake humwongezea sehemu nyingine. Mvuvi hana mshahara wa kukatwa wala mwajiri wa kumwongezea. Fedha yake hufuata maji na upepo; kusi likivuma kwa nguvu, vyombo hulala pwani. Jirani yake mkulima wa korosho huona fedha ya maana kwa msimu mmoja tu, minada inapoanza mwezi wa Oktoba. Kumlaumu mtu wa namna hii kwa kutolipa kama karani ni kumlaumu kwa kutokuwa karani.

Mfuko wa Afya ya Jamii, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kuboreshwa mwaka 2018, uliwaendea watu hawa kwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita. Nia ilikuwa njema na bei ilikuwa nafuu. Lakini kadi hiyo iliishia katika hospitali ya mkoa, na tiba ya mabingwa wa juu zaidi ilikuwa nje ya mpaka wake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge mwezi wa Novemba 2023, ilisogea mbele kwa kukubali kwamba asiye na uwezo alipiwe. Hatua hiyo isidharauliwe. Hata hivyo, kati ya mwajiriwa anayekatwa na fukara anayelipiwa yuko mtu wa tatu, ambaye si fukara wa kutosha kuandikwa katika orodha wala si tajiri wa kutosha kulipa bila kuuza nyavu zake. Pwani ya kusini imejaa mtu huyu wa tatu. Tena, bima ya hiari hununuliwa na mwenye hofu, na maradhi ya kimya hayaleti hofu mpaka yamekwisha kuharibu. Nani atajikinga na kitu asichojua kwamba anacho?

Kwa wasioweza kulipa, utaratibu wa mwaka 1993 uliandaa neno la pili: msamaha. Watoto walio chini ya miaka mitano, wajawazito, wazee wasiojiweza na wagonjwa wa maradhi sugu kadhaa walisamehewa malipo, na maskini wengine waliruhusiwa kuuomba msamaha kwa kuthibitisha umaskini wao. Msomaji wa lugha na alipime neno hili. Husamehewa aliyekosa. Mwizi huomba msamaha, mdeni huomba msamaha, mtoto aliyevunja mtungi huomba msamaha. Mgonjwa maskini amemkosea nani? Aende kwa mtendaji wa kijiji kutafuta barua, aipeleke kwa ofisa ustawi wa jamii, asimame mbele ya watu na kutangaza kwamba hana kitu. Mvuvi mwenye heshima zake, ambaye jana alichangia arusi ya jirani, ataona afadhali kurudi nyumbani. Na maadamu maradhi yake hayamwumi, atarudi kweli, na hatahesabiwa popote kuwa amenyimwa tiba.

Neno la tatu ni rufaa. Mahakamani, akataye rufaa ni mtu aonaye kwamba ameonewa, na kinachopanda kutoka mahakama ya chini kwenda ya juu ni jalada. Katika tiba kinachopanda ni mwili wa mgonjwa, na nauli yake, na chakula chake, na cha ndugu anayemsindikiza. Kutoka zahanati ya kijiji rufaa hufika kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha Ligula mjini Mtwara. Kujengwa kwa Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini huko Mitengo kulifupisha njia, na ni haki kukusifu. Zamani aliyetafuta bingwa alitazama Dar es Salaam tu, mwendo wa zaidi ya kilomita 500. Lakini kufupisha njia si kufungua mlango. Mwenye kukaa jirani na hospitali asiyoweza kuilipa yuko mbali nayo kama aliye ng'ambo ya Ruvuma.

Hoja nyingine husema kwamba wagonjwa wa aina C ni wachache nchini, na kwamba baadhi yao walijitakia kwa kujidunga dawa za kulevya. Uchache ungekuwa sababu ya kuwaponya upesi, maana kazi ndogo humalizika mapema. Ni ajabu kuufanya sababu ya kuwaacha. Ama kuhusu kujitakia, kirusi hakiulizi mwenendo. Kilimwingia aliyejidunga, kikamwingia na aliyedungwa hospitalini. Nchini Misri, tangu miaka ya 1950 mpaka mwanzo wa miaka ya 1980, serikali iliwadunga wanavijiji sindano za kuponya kichocho. Sindano zilirudiwa bila kusafishwa ipasavyo, na homa ya ini ya aina C ikaenea katika taifa zima. Wakulima wale walikuwa wakitii amri ya tabibu.

Hoja ya mwisho, ambayo ndiyo ngao ya wote, ni kwamba fedha hakuna. Misri hiyo hiyo inaijibu. Dawa mpya ya sofosbuvir ilipotoka Marekani mwezi wa Desemba 2013, kidonge kimoja kiliuzwa dola 1,000, na majuma 12 yalikuwa dola 84,000. Mwaka 2014 serikali ya Misri ilijadiliana ikauziwa kwa dola 900 badala ya 84,000, na baadaye viwanda vyake vikatengeneza kwa bei ya chini zaidi. Katika miaka ya 2018 na 2019 watu wapatao milioni 50 walipimwa, na waliogunduliwa walitibiwa bila kulipa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliithibitisha Misri kuwa imekaribia kuyang'oa maradhi haya. Mwaka huo huo ilitangazwa kwamba nchi za kipato cha chini na cha kati zinaweza kupata dawa za majuma 12 kwa dola 60, yaani karibu shilingi 150,000. Kwa bei ya shilingi 3,300 ambayo serikali iliwanunulia wakulima korosho mwaka 2018, uhai wa mtu mmoja ni kilo zisizofika 50.

Lakini bei hiyo ni ya taifa linaponunua kwa jumla. Mvuvi hawezi kwenda dukani akaidai. Hapa ndipo penye kiini cha shauri lote. Mtu mmoja hata akiwa na bidii namna gani hawezi kujadiliana na kiwanda, nchi inaweza. Kumwachia mgonjwa ajinunulie mwenyewe ni kuchagua bei kubwa kwa hiari. Wala haifai kusema Mtwara haina kitu. Gesi ya Ghuba ya Mnazi, inayochimbwa karibu na nyumba za wavuvi wa Msimbati, ilijengewa bomba lililokamilika mwaka 2015, nayo husafiri zaidi ya kilomita 500 hadi Dar es Salaam. Watu walikwisha kutoa mchango wao kwa ardhi yao na bahari yao.

Linalotakiwa si geni. Kifua kikuu na ukoma hutibiwa nchini bila malipo. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hutolewa bure tangu 2004. Hakuna aulizwaye kadi kwanza, kwa sababu ilieleweka kwamba maradhi ya kuambukiza yakiachwa kwa mmoja huwafikia wengi. Homa ya ini ya aina C na iwekwe katika daftari hilo hilo: kipimo bure, dawa bure, na gharama juu ya hazina ya umma. Mashine zinazopima vinasaba vya kifua kikuu zina uwezo wa kupima na kirusi hiki zikipatiwa vitendanishi vyake. Tabibu wa hospitali ya wilaya aweza kufunzwa kuitoa dawa, maana ni vidonge vya kumeza, si upasuaji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa ini lililokufa haujengeki kwa shilingi 150,000. Yule mvuvi hahitaji msamaha, maana hakukosa. Hahitaji kuambiwa achangie, maana zamu yake ya kuchangiwa imefika. Ameingia hospitalini akiwa na miezi mitatu ya kumeza vidonge mbele yake, na baada ya hapo ataweza kurudi baharini na kuwachangia wengine, kama alivyofanya siku zote.