Hesabu si za Wanaume Peke Yao



Mwezi huu naanza kwa kukiri kosa langu. Binti yangu alipokuwa kidato cha pili alirudi nyumbani hapa Nkuhungu na alama 18 za hisabati. Badala ya kumtia moyo nilimwambia, "Usijali mwanangu, hata mimi zilinishinda. Sisi wanawake si watu wa hesabu."

Usiku ule nilikuwa zamu. Mgonjwa aliandikiwa dripu ya mililita 1,000 iishe kwa saa 8. Mrija wake ulitoa matone 20 kwa kila mililita. Nikazidisha, nikagawanya kwa dakika 480, nikapata matone 42 kwa dakika. Nikiwa nayahesabu, maneno yangu yalinirudia. Kumbe kila siku nafanya hesabu, na nikikosea mgonjwa ataumia!

Tena tunaye mama wa kuigwa. Profesa Verdiana Masanja alizaliwa Bukoba mwaka 1954, akasoma Jangwani, kisha hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akahitimu mwaka 1976. Mwaka 1986 alipata udaktari wake Berlin, Ujerumani, akawa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kufikia shahada hiyo katika hisabati. Alichunguza mwendo wa vimiminika ndani ya bomba, hasa vile visivyotiririka kama maji. Sisi tunavijua: uji mzito haumiminiki kama maji, na damu nayo ina mwendo wake. Baadaye alifundisha Dar es Salaam na Rwanda, na alijishughulisha pia na FEMSA, mradi wa kuwainua wasichana wa Afrika katika hisabati na sayansi.

Jumamosi nilimwita binti yangu nikamwomba radhi. Tukapanga: kila jioni saa nzima ni ya hesabu, na vyombo ataosha kaka yake. Kaka alinuna, lakini aliosha. Muhula uliofuata binti alipata 41. Si nyingi, ila kidato cha tatu hakuiacha fizikia.

Mama mwenzangu, angalia unachomwambia bintiyo akileta alama mbaya. Usimrithishe woga wako. Muulize ni swali gani lilimshinda, umpe muda, na kazi za nyumbani zigawe kwa watoto wote. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.