Kanuni za baiskeli za umeme: mwenye duka asiachwe gizani

Mji wa Moab, katika jimbo la Utah nchini Marekani, unaelewa vizuri maana ya soko kugeuka. Katika miaka ya 1950 mji huo uliishi kwa urani. Kiwanda cha kusafisha madini hayo kiliposimama mwaka 1984, ajira zilitoweka. Miongoni mwa vilivyouinua tena ni baiskeli za milimani, ambazo leo huvuta wageni kutoka nchi nyingi.

Sasa biashara hiyo nayo imeingiliwa na jambo jipya: baiskeli za umeme. Nchini humo zimegawanywa katika madaraja matatu. Mota ya daraja la kwanza humsaidia mpandaji pale tu anapokanyaga, na hukata msaada mwendo ukifika kilomita 32 kwa saa. Daraja la pili huweza kwenda kwa akseleta bila kukanyaga, kikomo kikiwa hicho hicho. Daraja la tatu husaidia anayekanyaga hadi kilomita 45 kwa saa.

Agosti 2019, wizara inayosimamia sehemu kubwa ya ardhi ya serikali kuu iliagiza baiskeli hizo zihesabiwe sawa na za kawaida. Hata hivyo, kanuni za mwaka 2020 hazikufungua njia zote kwa mkupuo. Shirika la ardhi la BLM, lililo chini ya wizara hiyo, liliwaachia maofisa wake wa kila eneo waamue njia ipi ifunguliwe. Kwa upande mwingine, Idara ya Misitu, iliyo chini ya Wizara ya Kilimo, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 iliendelea kuzihesabu kuwa vyombo vya moto.

Hapo ndipo penye utata. Njia mashuhuri ya Whole Enchilada huanzia juu katika msitu wa milima ya La Sal, kisha hushuka zaidi ya mita 2,000 hadi kando ya mto Colorado, kwenye ardhi ya BLM. Njia ni moja, wenye mamlaka ni wawili. Kwa upande mwingine, njia ya Slickrock, iliyochorwa mwaka 1969 kwa ajili ya pikipiki, haina mgogoro huo, kwani vyombo vya moto viliruhusiwa hapo tangu mwanzo.

Anayebeba hasara ya utata huu si mgeni, ambaye huadhibiwa mara moja na kurudi kwao. Ni mwenye duka la kukodisha. Baiskeli anayoinunua leo lazima ifanye kazi misimu kadhaa ndipo irudishe mtaji. Kanuni ikibadilika katikati, mtaji huo hubaki umeegeshwa stoo. Mafahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi.

Ni kweli kwamba wanaozipinga baiskeli hizi wana hoja. Anayetembea kwa miguu kwenye njia nyembamba hatarajii kukutana na chombo kinachopanda mlima kwa kasi ambayo zamani ilionekana kwenye mteremko tu. Aidha, mota humfikisha mtu asiye na uzoefu mbali kuliko nguvu zake, na betri ikiisha, waokoaji ndio watakaomfuata.

Lakini hoja hizo zinadai kanuni iliyo wazi, si kanuni mbili zinazopingana. Inafaa daraja la kwanza lipimwe peke yake, kwa kuwa lipo karibu zaidi na baiskeli ya kawaida. Kulifungia kwa sababu ya makosa ya akseleta si haki. Njia inayopita katika mamlaka mbili ipewe uamuzi mmoja, unaosomeka kwenye kibao kimoja pale inapoanzia. Na kila badiliko litangazwe msimu mmoja kabla ya kuanza kutumika, ili mfanyabiashara aagize mali akijua atakachoruhusiwa kukodisha.

Kanuni ya njia ni sehemu ya bei. Mfanyabiashara anaweza kuvumilia kanuni kali, maana ataiweka katika hesabu zake. Asichoweza kukiweka katika hesabu ni kanuni inayobadilika katikati ya mlima.