Ukuta Mzuri Si Ushahidi wa Pesa

Desemba imeingia, mvua imekata, na huku kwetu hii ndiyo saa ya kusiliba nyumba. Lobule kule Koboko, Rhino Camp na Imvepi upande wa Arua (ramani siku hizi zinasema Terego na Madi-Okollo, lakini sisi mdomoni bado ni Arua), kila mwaka kuanzia wiki ya kwanza ya mwezi huu unaona akina mama na wasichana wamejaa matope mpaka kwenye viwiko. Ikifika Krismasi kijiji kizima kinanukia udongo mpya.

Mwaka huu kuna kuta zimeachwa. Tumepita kwenye vijiji tunavyoishi tukiuliza kwa nini. Njaa imechosha watu, hilo linajulikana, na wengine walituambia hivyo. Lakini jibu tulilolisikia zaidi lilikuwa hili: "Nikipamba, watasema nimejiweza. Wataniondoa."

Wenye kadi wanaelewa haraka, lakini kwa asiyeishi huku tuseme kidogo. Mwezi wa 7 mwaka 2023 shirika la WFP lilianza kugawa chakula kwa makundi matatu: wenye shida zaidi, wenye shida ya wastani, na wanaoonekana wanaweza kujitegemea. Hao wa tatu hawapati kitu. Halafu Mei 2025 pesa za wafadhili zikakauka zaidi, na kama watu milioni 1 nchini Uganda wakaondolewa kwenye chakula. Waliobaki walikuwa zaidi kidogo ya 660,000. Tangu hapo kila mtu anajitazama kwa jicho la yule anayekuja na tableti mkononi. Ukinunua kuku, unamficha. Ukipata kiti cha plastiki, unakaa nacho nyuma ya nyumba. Na sasa tumefika kwenye ukuta.

Hatusemi kwamba kuna familia iliyofutwa kwa sababu ya maua ya udongo. Tunasema kwamba watu wanaamini inaweza kutokea, na imani hiyo inafanya kazi kama sheria. Msichana wa miaka 16 ambaye kila mwaka ndiye alikuwa fundi wa mapambo kwenye kiwanja chao, mwaka huu mama yake amemwambia aache. Tukamuuliza mama. Akasema: "Wanangu, ukuta hauliwi." Ni kweli, hauliwi. Lakini sisi bado tunasema: silibeni nyumba zenu. Na mashirika tuna neno nanyi pia, litakuja.

Kwanza tuhesabu hiyo pesa inayodhaniwa iko ukutani.

Udongo wa kichuguu unachimbwa, haununuliwi. Mchwa wenyewe wameshausaga na kuuchuja, ndiyo maana unashika kuliko udongo wa shambani. Unauponda ukiwa mkavu, unatoa mizizi na mawe, unauloweka usiku mzima. Asubuhi unaongeza mchanga kidogo ili ukuta usipasuke ukikauka, na mavi ya ng'ombe ili ushikamane. Ng'ombe ni wa jirani mwenyeji; ukimwomba vizuri anakuambia chukua, tena anafurahi zizi limesafishwa. Majivu yako jikoni. Mkono wa kwanza unapaka mnene, unaacha siku moja au mbili, utaona nyufa zimetoka kama mistari ya kiganja. Usiogope. Mkono wa pili unakuwa mwembamba, umechujwa, na huo ndio unaofunga nyufa. Ukiwa bado na unyevunyevu unachukua jiwe laini la mtoni unasugua mpaka ung'ae.

Rangi nazo ziko chini ya miguu. Nyekundu ni ule udongo wetu wa barabarani, uliochekechwa kwa kitambaa. Nyeupe ni udongo mweupe unaopatikana ukichimba chini kidogo sehemu za bonde, au majivu meupe kabisa yaliyochanganywa na uji mwembamba wa muhogo. Nyeusi ni mkaa uliosagwa au masizi ya sufuria. Kuna wanaoponda betri kuukuu za redio ili kupata nyeusi kali. Hapo tunawaomba muache. Ile dawa ya ndani ya betri si ya kushika kwa mikono mitupu, na watoto wanailamba ukutani. Mkaa unatosha.

Halafu vidole. Vidole vinne pamoja vinatoa mawimbi. Kidole gumba kinatoa majani. Kifuniko cha chupa ya soda kinatoa duara, kitana cha zamani kinatoa mistari midogo kama ya mkeka. Ukipita Imvepi utaona pembetatu nyeusi na nyekundu zimepangwa chini ya paa mpaka unasimama. Ule mkanda mweusi wa chini, wa kufika magotini, watu wanadhani ni urembo tu. Kumbe una kazi: mvua ikipiga, tope jekundu linarukia pale, na kwenye rangi nyeusi halionekani sana. Bibi aliyebuni hilo alikuwa na akili kuliko wengi wenye diploma.

Sasa jumlisha. Sabuni ya kunawa mikono, basi. Kilichobaki ni jerikani za maji, mgongo, na siku nne au tano za watu waliokubaliana kufanya kazi pamoja. Kama hicho ndicho kipimo cha utajiri, basi maskini ni yule mwenye uvivu na tajiri ni yule mwenye mabinti wachapakazi.

Na tusisahau kwamba kusiliba si mapambo peke yake. Ufa ndio nyumba ya kunguni, nge na papasi. Sakafu isiyopakwa inatoa vumbi, na kiangazi hiki chote mpaka Machi mtoto anakohoa vumbi hilo. Mchwa wanapanda kwenye miti ya paa kupitia nyufa. Mtu anayeacha kusiliba kwa kuogopa orodha, ifikapo mvua za Aprili ukuta unamwagika, na hapo ndipo atahitaji msaada kwelikweli. Kwa hiyo hofu hii inatengeneza umaskini ule ule ambao watu wanaogopa kuonekana hawana.

Ndani ya nyumba hatutakaa sana. Chumba ni kimoja, pazia katikati, kitanda huku, sufuria kule. Lakini hata hapo kuna la kufanya bila pesa. Dada zetu wa Sudan Kusini wana milaya, yale mashuka wanayoyatarizi kwa nyuzi za rangi, maua na ndege, kazi ya miezi. Sikukuu ikifika shuka linatoka kwenye sanduku, linatandikwa kitandani au linatundikwa ukutani ili mgeni aone. Sisi wa kutoka Aru na Faradje tulizoea vipande vya kitenge. Vitenge vinavuka kutoka Ariwara mpaka sokoni Arua, na kwa fundi cherehani mabaki yake hutupwa. Ombeni mabaki hayo. Yakiunganishwa yanakuwa pazia zuri kuliko la dukani. Madaftari ya zamani yanakatwa vipande, yanagundishwa kwa uji wa muhogo, yanakuwa mnyororo wa kuning'iniza. Ndugu zetu Waislamu mtafanya hivyo hivyo Idi ikija, udongo hauna dini.

Ila mishumaa, hapana. Paa ni nyasi, nyasi sasa zimekauka, na karatasi zinaning'inia. Tumia taa ya sola, au kaeni nje na mwezi.

Na mti wa Krismasi, tafadhali, msikate mti mchanga kwenye shamba la mwenyeji. Ugomvi wa kuni na nyasi tunaujua wote, kuna watu walipigwa kwa mzigo mmoja tu wa nyasi za paa. Tawi la mchikichi au la mwembe linatosha, na linaombwa. Nenda mchana, piga hodi, sema unachotaka. Wenyeji wa huku si watu wasiojua ukimbizi. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa West Nile wengi walikimbilia Zaire na Sudan, wakakaa huko miaka. Ukikaa na mzee wa Koboko jioni atakuambia alilala wapi, na mara nyingi atataja jina la kijiji unachokijua wewe, kwa sababu ni kwenu.

Kuna wazee wetu wanaosema hii si nyumba, ni mahali pa kupita. Kwa nini upambe mahali pa kupita? Shikamoo zao tunawapa, lakini hesabu zinakataa. Lobule ilifunguliwa tena kwa ajili yetu Wakongomani mwaka 2013. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mkubwa. Huyo hajui nyumba nyingine. Ukimwambia asubiri kupamba mpaka turudi nyumbani, unamwambia aishi utoto wake wote kwenye chumba cha kusubiria. Imvepi ilifunguliwa Februari 2017, na wale waliofika wamebebwa mgongoni leo wanasoma shule ya msingi. Mtu anaweza kutaka kurudi na bado akataka ukuta wake usiwe na nyufa.

Vijana wa kiume nao wanatuambia kusiliba ni kazi ya wanawake. Sawa, basi kuchimba kichuguu ni kazi ya nani? Kuchota jerikani 10 kutoka bombani, kwenye foleni? Kupanda juu kutoa nyasi mbovu kabla ukuta haujapakwa? Dada zetu wamekuwa wakifanya hayo yote halafu sisi tunakuja tarehe 25 kupiga picha mbele ya ukuta tukiwa tumevaa miwani. Hilo mwaka huu lipungue.

Sasa ninyi wa mashirika. Tunawaheshimu, wengi mnafanya kazi ngumu kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu, na tunajua uamuzi wa kukata chakula hamkuufanya ninyi mnaofika hapa na pikipiki. Lakini kuna jambo mnaweza kufanya bila kuongezewa bajeti. Mkija kuhakiki nyumba, semeni wazi mbele ya watu na mbele ya mwenyekiti wa RWC ni vitu gani mnaangalia na ni vitu gani hamwangalii. Kama ukuta uliopambwa haumo, semeni haumo. Sentensi moja tu. Mkikaa kimya, watu wanajaza kimya hicho wenyewe, na wanachojaza ni woga. Ulizeni watu wamekula mara ngapi jana. Ulizeni nani ana kibarua, na kibarua hicho kilikuwa lini. Ukuta hauna jibu la maswali hayo.

Jambo jingine, tunalisema kwa upole. Kuta zile zile zinapigwa picha. Mgeni akija, anapelekwa kwenye nyumba iliyopambwa, mama anasimamishwa mlangoni, picha inaenda kwenye ripoti au kwenye kalenda kuonyesha kwamba wakimbizi wana nguvu na matumaini. Sawa, tunayo. Lakini mama huyo anabaki akijiuliza kama picha hiyo imemsaidia au imemchomea. Kabla ya kupiga, mwambieni inaenda wapi. Akikataa, mshukuruni muondoke.

Kwa upande wetu tumeamua hivi. Jumamosi zote zilizobaki kabla ya Krismasi kikundi kitasiliba nyumba za wazee wanaoishi peke yao na akina mama wajawazito, wale wasioweza kubeba maji. Wavulana wanachimba na kuchota, wasichana ndio mafundi na neno lao kuhusu rangi ndilo la mwisho. Tutaanza na nyumba tatu zilizo karibu na bomba, kwa sababu maji ndiyo yanayochelewesha. Njoo saa 1 asubuhi kabla jua halijawa kali, na jerikani yako. Mwenye jembe alete jembe. Mavi ya ng'ombe tumeshaahidiwa na jirani mmoja, ila yanatakiwa kubebwa Ijumaa jioni, na watu wa kubeba bado ni wawili tu. Na yeyote ambaye kwenye kiwanja chake kuna kichuguu kisicho na nyoka, atuambie mapema.