Pumua mama, lakini usinyamazie hatari

JUMAPILI moja mwaka jana mdogo wangu alikuja kututembelea nyumbani Umoja, Nairobi, mimba yake ikiwa imetimiza miezi saba. Tulipokwisha kula chakula cha mchana, aliniomba chumba cha watoto kwa nusu saa. Alifunga pazia, akatia visikilizio masikioni, akajilaza kwa ubavu na kutulia tuli. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kutoka Kakamega kuwaona wajukuu, alinifuata jikoni na kuniuliza kwa sauti ya chini kama binti huyo ni mgonjwa, au ni maombi ya dini mpya.

Hayakuwa maombi. Mdogo wangu alikuwa akisikiliza somo lake la siku katika kozi aliyoilipia kwa intaneti, ya kumwandaa mja mzito ajifungue bila woga. Wenyewe huiita hipnobathingi. Siku hizi si ajabu kumkuta mama wa mjini, hasa anayetarajia mtoto wa kwanza, akifuata masomo ya namna hii kwa simu yake akiwa ndani ya matatu au kitandani kabla ya kulala. Je, yana faida gani, na yana mipaka gani?

Jina hilo latokana na hipnosisi, neno linalowafanya wengi wafikirie mazingaombwe ya jukwaani, ambapo mtu hulazwa usingizi kisha akaamrishwa awike kama jogoo. Hapa sivyo. Mama hubaki na fahamu zake zote na aweza kuinuka wakati wowote apendao. Kinachotafutwa ni ule utulivu wa mtu aliyezama katika hadithi tamu hata asisikie akiitwa. Hufunzwa kupumua taratibu, kulegeza viungo kuanzia uso hadi nyayo, na kusikiliza kila siku sauti inayomkumbusha kwamba mwili wake waijua kazi yake. Hata maneno hubadilishwa. Badala ya kusema uchungu umemshika, mama huambiwa aseme kwamba wimbi limekuja, nalo litapanda kisha litashuka. Mume naye hufunzwa kumkanda mgongo na kumsemea kwa wauguzi.

Woga

Fikira hizi si za juzi. Daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read, aliandika tangu mwaka wa 1933 kwamba woga hukaza misuli, misuli iliyokazana huzidisha uchungu, na uchungu nao huzaa woga zaidi. Mwaka wa 1989 mwanamke Mmarekani, Marie Mongan, aliyaunganisha mafundisho hayo na hipnosisi na kuanzisha madarasa yake. Mwaka wa 2020 Kate, mkewe Mwanamfalme William wa Uingereza, alieleza hadharani kwamba mbinu hizi zilimsaidia.

Mwili wenyewe una sababu zake. Mtu anapoogopa, damu yake hujaa adrenalini, ile kemikali inayomtayarisha ama kukimbia ama kupigana. Lakini homoni inayoukaza mfuko wa uzazi ili mtoto atoke, yaani oksitosini, hufanya kazi vizuri zaidi mama akiwa ametulia na kujihisi salama. Mama aliyeingiwa na hofu kuu aweza kuchoka upesi, na uchungu wake ukakawia.

Hayo nayaamini kwa sababu yalinipata. Nilipoenda kujifungua kifungua mimba wangu sikuwa nimefunzwa lolote ila kutishwa. Kila shangazi alikuwa na kisa chake cha siku tatu za mateso, na kila rafiki alikuwa na jirani aliyeponea chupuchupu. Nilifika hospitalini nikitetemeka hata kabla uchungu haujakolea. Nilipopiga kelele, muuguzi mmoja alinikaripia kwamba siku ya kuitafuta mimba sikupiga kelele. Tangu hapo niliuma leso yangu nikanyamaza. Mtoto alitoka salama, lakini nilikaa miaka mitano kabla ya kuthubutu kupata wa pili. Kwa hivyo mdogo wangu aliponiambia kwamba amepata kozi ya kumwondolea hofu, mimi nilikuwa wa kwanza kumpongeza.

Utafiti nao wasemaje? Mnamo 2015 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kaskazini-magharibi mwa Uingereza kwa wanawake 680 waliokuwa wakitarajia mtoto wa kwanza. Baadhi yao walifunzwa kujituliza kwa hipnosisi na wengine hawakufunzwa. Ilipofika saa ya kujifungua, waliohitaji sindano ya mgongoni ya kuondoa uchungu, iitwayo epidurali, hawakutofautiana sana: karibu 28 kwa kila mia miongoni mwa waliofunzwa, na 30 kwa kila mia miongoni mwa wenzao. Lakini waliofunzwa walisema baadaye kwamba woga wao ulikuwa mdogo kuliko walivyokuwa wametazamia. Mwaka wa 2016 wataalamu walipima pamoja matokeo ya tafiti tisa za namna hii, zilizohusu karibu wanawake 3,000. Waliona kwamba yamkini hipnosisi hupunguza matumizi ya dawa za uchungu kwa jumla, ingawa si epidurali.

Kwa ufupi, kozi hizi zaweza kupunguza hofu. Haziahidi kuondoa uchungu, na anayekuahidi hivyo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Hatari

Mimba ya mdogo wangu ilipofika wiki ya 37, shemeji alinipigia simu usiku mwendo wa saa nne. Alisema mkewe alikuwa amelala gizani tangu jua kutua, visikilizio masikioni, akilalamika kwamba kichwa kinamgonga. Alikuwa amekataa kwenda hospitali. Kila alipoulizwa alijibu kwamba anapumua, na kwamba hali hiyo itapita kama wimbi.

Nilimwomba shemeji amweke kwenye simu. Nilimwuliza kama anaona vizuri. Akasema, "Dada, naona vimulimuli, lakini ni uchovu tu." Nikamwuliza kama pete yake ya ndoa yatoka kidoleni. Alinyamaza kidogo, kisha akasema haijatoka tangu juzi, na kwamba asubuhi uso ulikuwa umevimba. Nilimwambia atoe visikilizio masikioni, avae viatu, na shemeji aite teksi mara moja.

Walipofika hospitalini shinikizo lake la damu lilikuwa 170 kwa 110, na mkojo ulikuwa na protini. Alipigwa sindano ya magnesiamu ya kuzuia kifafa cha mimba, akapewa dawa ya kuteremsha presha, na asubuhi madaktari wakamwanzishia uchungu kwa dawa. Daktari alimwambia shemeji wazi kwamba kama wangengoja kupambazuke, huenda angekuta habari nyingine.

Naomba nieleweke. Kozi haikumwambia mdogo wangu apuuze maumivu ya kichwa. Baadaye alipoipitia tena alikuta ndani yake somo fupi kuhusu dalili za hatari, ambalo alikuwa ameliruka kwa sababu lilimtia hofu! Alikuwa amezoea kuifukuza kila hofu kwa pumzi, hata akaifukuza ile iliyokuja kumwokoa. Isitoshe, kozi hiyo ilitengenezwa Uingereza, ambako mja mzito huwa na nambari ya kumpigia mkunga hata usiku wa manane. Huku kwetu mama hutegemea mumewe, jirani na nauli iliyofichwa kabatini.

Mama mkwe wangu alipopata habari alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha alinieleza jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa miaka yote niliyoolewa kwake. Dada yake mkubwa alifariki akiwa na mimba ya miezi minane. Alianza kwa kuumwa na kichwa, akavimba uso, kisha akaanguka na kutetemeka mwili mzima. Watu wa nyumbani walisema amepandwa na pepo, wakaita waombaji badala ya kutafuta gari. Hiyo ilikuwa zamani, lakini maafa hayajakwisha. Sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba hapa Kenya wanawake 355 hufa kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Kifafa cha mimba na kuvuja damu ni miongoni mwa wauaji wakuu.

Mizani

Je, tuzitupilie mbali kozi hizi? La hasha! Katika mapendekezo yake ya mwaka wa 2018, Shirika la Afya Duniani lilizitaja mbinu za kupumua na kulegeza viungo miongoni mwa njia zinazofaa kumpunguzia uchungu mama mwenye afya anayezitaka. Shirika hilo pia lilipendekeza kila mama awe na mtu wake wa kumliwaza anapojifungua. Jambo la busara ni kila kitu kiwekwe mahali pake.

Kwanza, kozi si kliniki. Shirika hilohilo lapendekeza mja mzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara nane. Huko ndiko shinikizo la damu hupimwa na mkojo ukachunguzwa. Hakuna sauti ya simu iwezayo kukupima presha.

Pili, zijue dalili zisizopumuliwa: kutokwa na damu, kichwa kinachogonga bila kukoma, kuona vimulimuli au giza, kuvimba uso na mikono, kifafa, homa kali, maumivu makali tumboni yasiyoachilia, chupa kupasuka kabla ya wakati au maji yake kuwa ya kijani, na mtoto kupunguza kucheza tumboni. Ukiona mojawapo, nenda hospitali saa hiyohiyo. Ziandike kwenye karatasi uibandike jikoni, na mumeo azisome pia, kwa maana huenda yeye ndiye atakayeamua.

Tatu, mchunguze mwalimu kabla ya kumlipa. Je, ni mkunga au amefunzwa na wakunga? Akikwambia ukatae dawa zote, au akikuonyesha kwamba mama anayepasuliwa ameshindwa, funga simu yako. Mama aliyetolewa mtoto kwa upasuaji ni mzazi kamili. Nacho kiini cha somo lenyewe ni bure. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, iachilie polepole kwa mdomo ukihesabu hadi nane, mabega yakiwa yamelegea. Fanya hivyo dakika kumi kila usiku tangu mwezi wa saba, na mwili utazoea. Asiye na pesa za kozi asijione maskini.

Nne, itembelee mapema hospitali utakayojifungulia. Uliza kama mumeo au dada yako ataruhusiwa kukaa nawe. Katika baadhi ya hospitali za umma vitanda vimepakana mno hata waume hukatazwa kuingia, na ni vyema kulijua jambo hilo kabla ya siku yenyewe. Uliza pia ni dawa gani za uchungu zinazopatikana. Kozi za ng'ambo hutaja epidurali na vidimbwi vya maji ya moto kana kwamba viko kila mahali. Kisha weka kando nauli ya teksi, na nambari ya dereva anayeamka usiku.

Mdogo wangu alijifungua usiku wa siku iliyofuata, mtoto wa kike wa kilo 2.6. Nilipoenda kumwona wodini nilimwuliza kama masomo yake yalimfaa. Alisema yalimfaa sana. Kwa saa zote alizolala na dripu mkononi, akingoja dawa ifanye kazi, zile pumzi ndizo zilizomzuia asipandwe na wasiwasi, na shemeji alimkanda mgongo kama alivyofunzwa mpaka alipoambiwa atoke nje. Hakukaripiwa na mtu, na hakuuma leso kama mimi. Nilipomwuliza kuhusu mawimbi alicheka kwa sauti dhaifu. "Ulikuwa uchungu, dada," akasema. "Lakini sikuuogopa."

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mdogo wangu aujua sasa, na ile karatasi ya dalili za hatari ameibandika ndani ya mlango wa kabati lake, ingawa kwa sasa hana mimba. Asema ni ya wageni, maana kila mwezi huja rafiki mmoja mja mzito kumwomba ile kozi. Yeye humpa sharti moja: aanze na lile somo fupi ambalo yeye aliliruka.