Kabati la jikoni limechakaa? Usikimbilie kununua jipya

Mzazi mwenzangu, kwa sisi tunaoishi pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani, kabati la jikoni huzeeka mapema. Upepo wa bahari huja na chumvi, bawaba zikashika kutu. Kabati la mbao za maranda yaliyogandishwa kwa gundi nalo huvimba chini kila sakafu inapopigwa deki. Milango ikianza kuning'inia, watu wa nyumbani huanza kuulizia bei ya kabati jipya, kwa fedha ambazo zilikuwa za ada.

Kagua kwanza. Kama mwili wa kabati bado umesimama imara, unahitaji bisibisi, msasa, gundi ya mbao, rangi na siku chache za mapumziko.

Fungua milango na uipe namba ili kila mmoja urudi mahali pake. Ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu kuondoa mafuta na chumvi, kisha iache ikauke kabisa. Tundu la skrubu lililolegea lijaze njiti za kibiriti zilizopakwa gundi, subiri hadi kesho yake, ndipo ukaze skrubu upya. Bawaba zilizooza badilisha. Tafuta za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Sehemu iliyovimba hairudi. Ikate, uweke ubao mzima, na uinue kabati kwa miguu ya sentimita 10 ili maji ya deki yasiifikie tena.

Sasa urembo. Tazama milango ya kale ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo: sehemu kubwa ya uzuri wake iko kwenye fremu. Wewe huhitaji kuchonga nakshi. Mwombe seremala wa mtaani akupasulie mbao nyembamba za upana wa sentimita 5, uzibandike kwa gundi na vimisumari kuzunguka ukingo wa kila mlango. Mlango uliokuwa bapa utapata sura. Malizia kwa rangi ya msingi, halafu rangi ya mafuta mara mbili, nyepesi nyepesi, ukisubiri mkono wa kwanza ukauke. Fanya kazi hii kabla ya masika, maana hewa ikiwa na unyevu rangi huchelewa kukauka na hunata.

Watoto washirikishe, lakini kwa mpaka. Wape mbao mpya wazisugue msasa. Rangi kuukuu wasiiguse, kwa kuwa huenda ina risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Wewe ukiisugua, lowanisha msasa, fanyia nje, funika pua na mdomo, na futa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia.

Kabla hujarudisha vyombo, maliza mambo mawili. Kabati refu lifunge ukutani kwa skrubu, kwani mtoto akipanda rafu kama ngazi linaweza kumwangukia. Kisha mafuta ya taa, dawa ya panya na maji ya kufulia ya kuondoa madoa yahamie rafu ya juu yenye komeo. Usiyahifadhi kamwe kwenye chupa ya soda, hata kwa siku moja. Mtoto mwenye kiu hasomi lebo.