Pakiti ya Chumvi Yadumu Siku Ngapi Nyumbani Mwako?

Leo naomba tuingie jikoni. Akina baba nao wasigeuze ukurasa, maana neno hili lawahusu, na aliyelileta kwangu ni mama yangu mzazi.

Baada ya mavuno ya mwaka jana mama alitoka Iramba kwa kaka yangu, akaja kukaa nasi. Siku moja nilimsindikiza zahanati kwa ajili ya goti lake. Mganga akamfunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akapima, akanyamaza, akapima tena. Akasema: 170 juu, 100 chini. Mtu akifika 140 juu au 90 chini, na akipimwa siku nyingine ikawa vile vile, huyo ahesabiwa kuwa na presha. Mama akacheka. "Mwanangu, mimi naumwa goti, siumwi damu." Na huo ndio ubaya wa ugonjwa huu, kwamba kwa kawaida hauumi. Wengi hupata habari zake siku ile mkono mmoja unapokataa kuinuka na mdomo unapokwenda upande.

Juma lililofuata tukarudi, hesabu ikawa karibu ile ile. Akapewa vidonge vya kumeza kila siku, akaambiwa na chumvi apunguze. Njiani akaniuliza: "Nipunguze ipi? Mimi chakula changu mlenda."

Sikuwa na jibu. Lakini kazi yangu ya ukarani ni kuandika: waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliofariki. Basi nikachukua daftari jipya, na siku mke wangu alipofungua pakiti ya chumvi ya nusu kilo, nikaandika tarehe. Nyumbani tupo watu wanane: mimi, mke wangu, mama, na watoto watano. Siku ya nane jioni pakiti ilikuwa tupu. Fanyeni hesabu pamoja nami. Gramu 500 kwa siku 8 ni gramu 62 na nusu kwa siku. Gawanya kwa watu 8, yapata karibu gramu 8 kwa kila mtu, hata yule mdogo wa miaka minne. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani asifikishe kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kisicho na kilima. Na mtoto chini ya hapo.

Tena hesabu yangu ilikuwa na kasoro, maana niliyasahau magadi. Hapa kwetu Singida mlenda bila magadi huonekana haukupikwa. Magadi huulainisha na kuuvuta. Wengi twadhani kwamba kwa kuwa magadi hayana ukali wa chumvi ulimini, basi si chumvi. Kumbe kile kitu kilichomo ndani ya chumvi kinachopandisha presha, kiitwacho sodiamu, kimo katika magadi pia. Mama alikuwa akila mlenda wenye magadi, kisha chumvi juu yake, mchana na usiku.

Nilipoanza kutazama, niliona mengine. Mke wangu hutia chumvi kwa vidole vitatu. Mama hupita, huonja, huongeza. Watoto nao hujichotea mbichi kwa ajili ya embe bichi na yai la kuchemsha. Na siku kitoweo kikiwa dagaa waliokaushwa kwa chumvi, hakuna aliyekumbuka kuwaloweka kwanza na kumwaga yale maji.

Sasa, wapenzi, kujua si kazi. Kazi ilikuwa ni nyumba. Mke wangu alipunguza chumvi kama alivyoambiwa, na usiku ule ule mama akasukuma bakuli. Hakusema neno. Kesho yake akamwambia jirani kwamba mkwe wake amemchoka, ampikia kama mfungwa. Mke wangu akalia. Ninyi mwajua uzito wa jambo hilo: mkwe kumwekea mama wa mumewe mboga isiyo na ladha ni kama kumwonyesha mlango. Mimi nami nilikosea, kwa kuwa nilimwachia mke wangu aseme neno ambalo lilikuwa langu kulisema kwa mama yangu.

Dawa tuliyoipata ni hii. Nilimwita mama, nikamfungulia daftari, nikamsomea zile hesabu. Kisha nikampa kopo la chumvi lenye mfuniko. Nikasema, "Mama, tangu leo chumvi ya nyumba hii ni yako. Hakuna atiaye ila wewe." Kila asubuhi apima kwa kijiko cha chai, asawazisha kwa kisu, atia katika kikombe kidogo, hiyo ndiyo ya siku nzima kwa sufuria zote. Hatukupikiwa vyungu viwili, cha mgonjwa na cha wazima, bali sote twala kimoja. Wala hatukupunguza kwa siku moja. Kila baada ya majuma mawili aliondoa kidogo, na magadi akayapunguza hivyo hivyo. Ulimi hujifunza, ila wataka muda. Mahali pa chumvi tulitia vitunguu vyetu vya Singida vilivyokaangwa vizuri, nyanya, karanga za kusaga, na ukwaju au ndimu.

Ipo habari moja kutoka kwa jirani zetu wa Kenya ambayo nimeifikiri sana. Mwaka 1990 ilitangazwa kazi ya wataalamu waliowafuata Waluo waliotoka vijijini Magharibi ya Kenya na kuhamia Nairobi. Walipimwa presha na mkojo, wakalinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Baada ya miezi michache tu mjini, presha za wale waliohama zilikuwa zimekwisha panda kuliko za wenzao. Katika mkojo wao sodiamu ilikuwa nyingi zaidi, na potasiamu, ambayo twaipata katika maharage, mboga za majani na matunda, ilikuwa pungufu. Chumvi nyingi huufanya mwili ushike maji, damu hujaa zaidi katika mishipa, na moyo husukuma kwa nguvu. Mimi naona siku hizi hatuhitaji kuhamia Nairobi. Duka limetufuata kijijini, pamoja na vile vidonge vya mchuzi, ambavyo navyo vina chumvi nyingi.

Baba mmoja aliniambia, "Karani, mimi nalima juani, natoka jasho, chumvi ni nguvu yangu." Jasho huondoa chumvi kiasi, ni kweli, lakini chakula chetu cha kawaida chairudisha. Kinachompungukia mkulima juani mara nyingi ni maji.

Wengine watasema afadhali kurudi kwenye chumvi ya wazee. Nchi yetu ina chumvi za kale. Kule Uvinza, Kigoma, watu wamechemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa zaidi ya miaka elfu. Nasi twayajua maziwa yetu ya magadi na chumvi, Singidani na Kindai. Lakini chumvi ya kukwangua na kuchemsha tu haikutiwa madini joto. Anayekosa madini joto huota rovu shingoni, na mama mjamzito akiyakosa, akili ya mtoto tumboni yaweza kudumaa. Basi nunueni ile ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto, mle kidogo. Ifunikeni, isikae juani wala penye unyevu, na itieni mboga ikikaribia kuiva, maana moto mwingi hupunguza madini hayo.

Mama alipopimwa juzi alikuwa 146 kwa 88. Sisemi ni chumvi peke yake. Vidonge bado ameza kila siku, na yeyote aliyepewa vidonge asiviache ati kwa sababu amepunguza chumvi.

Mkitaka kujaribu, zidisheni watu wa nyumbani kwa 5, kisha gawanyeni gramu za pakiti kwa jibu hilo. Nyumba ya watu watano, nusu kilo ifike siku 20. Wakiwamo watoto, izidi. Andikeni tarehe juu ya pakiti yenyewe, msitegemee kichwa.

Jumamosi mama alikwenda arusini. Aliporudi aliomba maji mara mbili, akasema wapishi wale hawajui kupima. Pakiti iliyoko jikoni leo ina siku ya kumi na moja, na chumvi imebaki kama robo.