Anga si Mali ya Wageni

Wako watu miongoni mwetu, na wengine wao ni walimu, waaminio kwamba utamaduni wa taifa ni ngoma, mashairi, vinyago na mavazi ya wazee, basi. Kijana apendaye kufungua redio, kuunga nyaya, kuchezea kompyuta ndogo na kuota habari za roketi, huyo kwao ni mpotevu aliyeingiwa na uzungu. Mimi ni mtunga mashairi. Sina haja ya kufundishwa thamani ya ngoma. Lakini nasema waziwazi kwamba maoni hayo ni kasumba, tena mbaya kuliko ile ya mkoloni, kwa kuwa hii tumejipikia wenyewe.

Tutazame Mwakitolyo, huko Shinyanga, ambako wachimbaji wadogo hushuka katika maduara kutafuta dhahabu. Asiyepajua hudhani pale pana sururu na jasho tu. Kumbe pana pampu za maji, majenereta, winchi na makarasha ya kusagia mawe, na mashine inapokufa hufufuliwa na kijana ambaye hakuna chuo kilichomfunza. Namjua mmoja wa vijana hao, aliyekuwa mwanafunzi wa sekondari. Kwa vipande vya waya, kompyuta kuukuu na kifaa kidogo cha kunasia mawimbi ya redio, alikuwa akijaribu kupokea picha za mawingu zitumwazo na setilaiti za hali ya hewa. Si ndoto za mwendawazimu. Setilaiti za Urusi ziitwazo Meteor hutangaza picha hizo katika masafa ya megahezi 137 bila kumtoza mtu hata senti, na antena yake yaweza kuwa waya mbili tu, kila moja sentimita 53 hivi. Mkoba wake wa nyaya ulipokutwa bwenini alichapwa, na vyombo vyake vikatiwa moto. Jambo hilo lilielezwa katika kikao nilichohudhuria kwa kazi yangu ya utumishi. Yalizungumzwa mengi juu ya nidhamu. Aliyeuliza kile chombo kilikuwa cha nini hakutokea. Leo kijana huyo anaendesha winchi. Kazi hiyo ni ya heshima, maana roho za wenzake zimo mkononi mwake. Lakini mkulima wa pamba wa Shinyanga, atazamaye mawingu kila msimu kwa wasiwasi, ndiye aliyepata hasara.

Husemwa kwamba anga ni mambo ya mbali. Mbali na nani? Wahenga walioikazia macho Kilimia, wakaipa nyota hiyo jina la kazi ya kulima, walikuwa wakisoma anga ili wapate kula. Na hiyo dhahabu yenyewe ya Mwakitolyo ni mgeni kutoka juu. Tarehe 17 Agosti 2017 wataalamu walinasa mtikisiko wa nyota mbili nzito mno zilizogongana, na katika mwanga wake wakaona dalili za kuumbwa kwa metali nzito, za namna ya dhahabu na platini. Darubini ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, ina vioo 18 vilivyopakwa dhahabu ipatayo gramu 48 kwa jumla. Sisemi dhahabu hiyo ilitoka kwetu. Nasema tu kwamba wako waitumiao kutazamia nyota, na sisi twaipima kwa mizani, twaiuza, twarudi shimoni.

Wala anga halikuanza kupita juu yetu jana. John Glenn wa Marekani alipoizunguka dunia mara 3 tarehe 20 Februari 1962, kituo kilichokuwa Unguja kilizungumza naye. Wananchi wengi walikitilia shaka kituo kile, na baada ya Mapinduzi ya 1964 kikaondolewa. Sikilaumu kitendo hicho. Mwenye nyumba ana haki ya kumwuliza mgeni amebeba nini. Ninalosikitikia ni kwamba wageni walipofunga mizigo yao, hapakubaki fundi wala darasa. Mwezi Machi 1967 tulitoa Elimu ya Kujitegemea. Aprili 26 mwaka huohuo Waitaliano walirusha setilaiti kutoka jukwaa lao la baharini karibu na Malindi. Hapo ndipo ilipoondokea, tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani iliyoitwa Uhuru, ya kwanza kutumwa mahususi kupima miali ya eksirei itokayo katika nyota. Ikagundua vyanzo zaidi ya 300. Neno la Kiswahili lilipaa. Mikono ya Waswahili ikabaki ufukoni. Nasi tuliisoma Elimu ya Kujitegemea kana kwamba kujitegemea ni jembe peke yake.

Kuhusu kompyuta tulifanya zaidi. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na mashine za hesabu zilikuwa zimeleta hasara, sababu zilikuwapo. Marufuku ile imekwisha zamani, ila woga wake ungali umekaa katika ofisi za wakuu wa shule. Sisi wapenzi wa lugha nasi tuna dhambi yetu: tumeshindana miaka mingi kama iitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na watoto wengi hawajapata kuifungua hata moja waone kilichomo.

Majirani hawakungoja. Mei 2018 setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa angani; ilikuwa kijisanduku cha sentimita 10 kila upande, na ndani yake mlikuwa na kompyuta ndogo, betri na redio. Desemba 2022 ikafuata ya Uganda, kazi ya wahandisi 3 waliojifunza Japani. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza nia ya Tanzania kurusha setilaiti yake. Itaundwa na nani, ikiwa mikoba ya nyaya inachomwa moto?

Najua nitajibiwa kwamba shule hazina fedha, na kwamba katika nchi ya machimbo mtoto akipewa roketi atachezea baruti. Baruti iachwe kwa wenye leseni. Roketi ya shule ni chupa ya plastiki ya soda iliyotiwa maji theluthi moja, ikazibwa kwa kizibo cha mpira chenye vali ya baiskeli, ikasimamishwa kichwachini na kujazwa upepo, watu wakiwa wamesimama mbali. Kizibo kinaporuka, maji hutupwa chini na chupa hupaa juu, kwa kanuni ileile aliyoiandika Newton mwaka 1687 na ileile iliyoipandisha Uhuru. Wanafunzi wa kidato cha pili waweza kubadili kipimo cha maji, wapime urefu wa mruko, wachore grafu. Na pampu ya baiskeli haikosekani katika kijiji chochote cha Shinyanga.